Mmeoana juzi na mko Marekani: mfaili taksi pamoja au kila mtu kivyake? Mwongozo kamili

Sie tulifunga ndoa tarehe 21 Disemba 2019 hapa Irving, Texas, siku kumi kabla ya mwaka kuisha. Mwezi wa pili tukaenda kwa kaka mmoja anayefanyia watu taksi, ana kiofisi chake ubavuni mwa bucha. Nilikuwa na mwanangu wa miaka minne. Kaka akauliza mishahara, akauliza mtoto ana sosho (namba ya Social Security), alafu akasema "nyie mmeoana Disemba, mwaka mzima mlikuwa masingo, dada nakuweka Head of Household na shemeji namweka Single, rifandi inapanda." Na kweli ile hela ya kodi wanayokurudishia ikapanda, tukanunua kochi. Miaka miwili baadae naandaa makaratasi ya uraia, mwanasheria anapitia zile ritani anauliza "mbona hapa hujaolewa?" Tukarudi kufaili upya kwa fomu 1040-X, tukarudisha hela pamoja na riba, na kochi lenyewe lilikuwa limeshachanika.

Tangu hapo nimejitolea misimu mitatu kwenye VITA, ile huduma ya bure ya kufailia watu wenye kipato cha chini na cha kati, na kila mwaka lazima nikutane na maharusi waliofanyiwa kama sisi. Kwahiyo hapa nawapa mpangilio mzima jinsi ninavyowaeleza mezani. Mimi sio mhasibu, mambo yenu yakiwa mazito (biashara kubwa, nyumba mbili tatu, talaka iko njiani) tafuteni mtaalam wa kweli.

Hatua ya 1: Tarehe 31 Disemba

IRS, yani mamlaka ya kodi ya Marekani, haijali mmeishi kama mke na mume miezi mingapi. Inaangalia siku moja tu, tarehe 31 Disemba. Kama siku hiyo mlikuwa mmeoana basi kwa kodi mmeoana mwaka mzima, hata kama ndoa ilifungwa saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Na kinyume chake, mkioana tarehe 2 Januari basi ule mwaka uliopita kila mtu anafaili kama singo, hata kama kadi za michango zilianza kuzunguka tangu Agosti.

Na kwa kuwa nimetaja michango, naulizwa sana: hela za kamati na zawadi za sendofu hazitozwi kodi ya mapato kwa anayepokea. Hazihesabiki mshahara, usiziandike kokote.

Hatua ya 2: Je, ndoa yenu inahesabika?

Hapa watu wanajidanganya, "ah sisi tulifunga nyumbani Afrika, huku hatujasajili." Hakuna cha kusajili huku. Ndoa iliyofungwa kihalali nje, iwe ya msikitini Tanga, ya kanisani, ya bomani au ya kimila, inatambulika mradi ni ndoa ambayo angalau jimbo moja la Marekani lingeitambua. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na ya Tanzania ya 1971 nayo inakubali za dini, za serikali na za kimila. Kwahiyo hata ile ya mkeka ni ndoa, tafuta cheti chako uwe nacho. Mke wa pili ndio habari nyingine kabisa, nyumbani anaruhusiwa ila huku hatambuliki kwa kodi.

Uchumba na kuvishana pete haihesabiki, wala kuishi pamoja tu. Isipokuwa kuna majimbo kama hili letu la Texas yana ndoa isiyo na sherehe: mkikubaliana kwamba mmeoana, mkaishi pamoja ndani ya Texas na mkawa mnajitambulisha kwa watu kama mke na mume, hiyo ni ndoa na IRS inaifuata. Kwahiyo yule anayemwita mwenzie "my wife" kazini na kwenye bima, ikifika taksi anajiita singo, ajue anacheza na moto.

Hatua ya 3: Futa Single kwenye kichwa chako

Mkishaoana mnabaki na njia mbili. Ya kwanza Married Filing Jointly, yani ritani moja, vipato vyote viwili humo, mnasaini wote. Ya pili Married Filing Separately, kila mtu ritani yake na kila mtu anajibu ya kwake. Basi.

Head of Household, ile ya mtu asiye na mwenza anayebeba nyumba yenye mtoto, ndio mtego. Inavutia maana punguzo lake (kipato kisichokatwa kodi) kwa mwaka 2025 ni dola 23,625 wakati singo ni 15,750. Ila mtu mwenye ndoa anaipata kwa masharti: awe hajaishi nyumba moja na mwenza wake miezi sita ya mwisho ya mwaka, awe amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na awe na mtoto wake aliyekaa nae zaidi ya nusu mwaka. Mwenza akisafiri kikazi, akienda shule au jeshini, bado inahesabika mnaishi pamoja. Mnalala kitanda kimoja Columbus alafu wote wawili ni Head of Household? Hiyo hamna. Anayewafanyia taksi akiwaambia inawezekana, ondokeni taratibu. Na muangalie kama anasaini ritani na kuweka namba yake ya PTIN, maana anayelipwa kufanyia watu taksi lazima aweke. Wale wa "wewe saini hapa, mimi jina langu halionekani" ndio wa kukimbia.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu mara mbili

Kaeni mezani na W-2 zenu zote mbili, zile karatasi za mshahara wa mwaka mnazopewa kazini. Natumia namba za mwaka 2025, yani taksi ya kufailiwa mpaka 15 Aprili 2026. Mkifaili pamoja punguzo la kawaida ni dola 31,500, kivyake ni 15,750 kila mmoja. Alafu kinachobaki kinakatwa kwa ngazi: pamoja mnalipa asilimia 10 mpaka dola 23,850, asilimia 12 mpaka 96,950, kisha 22. Kivyake ni nusu ya hapo, 10 mpaka 11,925, 12 mpaka 48,475, kisha 22.

Chukua wapenzi wa Ohio, mume dereva wa lori analipwa 78,000, mke anasoma unesi na kibarua chake cha wikiendi kimempa 6,000. Pamoja ni 84,000, toa 31,500 inabaki 52,500. Asilimia 10 ya 23,850 ni 2,385, na 12 ya zile 28,650 zilizobaki ni 3,438. Jumla 5,823.

Sasa kivyake. Mume 78,000 toa 15,750 inabaki 62,250, ukipanda ngazi zote tatu unafika 8,609. Mke 6,000 yake yote inamezwa na punguzo, kodi sifuri, ila lile punguzo lake lililobaki la 9,750 linapotea bure, hawezi kumpa mume. Tofauti ni dola 2,786. Hiyo ni tiketi ya kwenda Dar na kurudi na chenji ya zawadi.

Wengine wanalipwa sawa, tuseme 55,000 na 55,000. Pamoja kodi ni 8,943. Kivyake kila mmoja 4,471.50, jumla ni ileile 8,943. Hakuna faida wala hasara kwenye ngazi zenyewe. Kwahiyo kinacholeta unafuu ni pengo kati ya mishahara yenu, pengo likiwa kubwa unafuu unakuwa mkubwa.

Hatua ya 5: Unachopoteza ukifaili kivyake, na lini bado kuna maana

Hata mkilipwa sawa, kivyake kuna vitu vinafungwa. Unafuu wa ada ya chuo, hamna. Riba ya mkopo wa shule, hukatiwi. Ule unafuu wa bima ya Obamacare, hupati, labda umetelekezwa au unakimbia kipigo. EITC, ule unafuu wa wafanyakazi wa kipato kidogo, karibu wote hawapati. Roth IRA, ile akaunti ya akiba ya uzeeni, kama mnaishi pamoja na kipato chako kimefika dola 10,000 basi huruhusiwi kuweka hata senti. Na mmoja akichagua kuorodhesha makato yake badala ya kuchukua punguzo la kawaida, mwingine nae lazima aorodheshe, hata kama hana cha kuorodhesha.

Sasa mbona watu bado wanafaili kivyake? Sababu ya kwanza ni mikopo ya wanafunzi. Kama mwenza analipa kwa mpango unaofuata kipato, mkifaili pamoja wanaangalia vipato vyote na rejesho la mwezi linapanda. Hapo unapiga hesabu ya pili: kodi inaongezeka kiasi gani kwa mwaka, na rejesho linashuka kiasi gani kwa miezi 12.

Ya pili ni kutoaminiana, tuseme ukweli. Ritani ya pamoja ukiisaini umejifunga, kodi yote, riba yote na faini yote IRS inaweza kukudai wewe peke yako, hata kama kipato kilichofichwa ni cha mwenzio na hata mkija kuachana. Kuna kujitetea kwa fomu 8857, lakini kuishinda sio mchezo. Kama mwenzio ana biashara ya keshi na hataki kukuonyesha hesabu, faili kivyako, rifandi isikutie tamaa.

Ila msichanganye na deni la zamani. Mwenza kama anadaiwa matunzo ya mtoto wa nyuma au mkopo wa serikali uliokwama, rifandi yenu ya pamoja inaweza kukamatwa, na hapo unajaza fomu 8379 kuokoa sehemu yako. Sio lazima mtengane kwenye taksi kwa ajili hiyo.

Na sisi wa Texas tuna letu. Majimbo tisa (Texas, California, Arizona, Nevada, New Mexico, Louisiana, Idaho, Washington na Wisconsin) yanahesabu kipato cha ndani ya ndoa kuwa ni cha wote nusu kwa nusu. Yani yule dereva na yule mnesi wangekuwa Dallas, kivyake kila mmoja angeandika 42,000 na kuambatisha fomu 8958 kuonyesha mgawanyo. Kazi mara mbili. Ndio maana nilipigia hesabu Ohio.

Hatua ya 6: Mwenza bado yuko nyumbani

Hii ndio naulizwa kuliko zote. Umeenda likizo, umeoa Moshi, umerudi peke yako, visa inasubiriwa. Wewe ni raia au una grini kadi, mke hana sosho na hajakanyaga Marekani. Unafaili nini?

Single haipo, ulishaoa. Na ubaya wake hauishii kwenye kodi: kwenye fomu I-864 ya kumdhamini mkeo unaambatisha ritani yako, na ritani inayosema singo baada ya tarehe ya cheti cha ndoa unaiombea maswali mwenyewe.

Una njia tatu. Nyepesi ni kufaili kivyako, sehemu ya sosho ya mwenza unaandika NRA (nonresident alien, yani mgeni asiye mkazi), na kipato cha mkeo hakiguswi.

Ya pili, mnachagua kwa hiari mkeo ahesabiwe kama mkazi wa Marekani kwa kodi, alafu mnafaili pamoja. Mnaambatisha karatasi mliyosaini wote wawili inayosema mnafanya uchaguzi huo, ina majina, anwani na namba zenu. Gharama yake ni kwamba kipato chake cha dunia nzima kinaingia, ikiwemo mshahara wa nyumbani. Watu wanaogopa hapo, ila pigeni hesabu kwanza. Mume 60,000, mke mwalimu anapata kama dola 5,000 kwa mwaka. Mume kivyake analipa 5,071.50. Pamoja ni 65,000, toa 31,500, kodi 3,543. Mmeokoa zaidi ya 1,500 na mshahara wa ualimu umo humo humo, na kodi aliyokatwa na TRA unaweza kuidai kama unafuu kwa fomu 1116. Ila mke mwenye biashara kubwa Kariakoo hesabu inaweza kugeuka kabisa. Na kumbuka uchaguzi huu unaendelea mwaka hadi mwaka mpaka mseme basi, na mkishasema basi hamruhusiwi kuurudia tena mkiwa nyie wawili.

Kwa njia hii mke anahitaji ITIN, namba ya kodi ya mtu asiyeweza kupata sosho. Mnajaza fomu W-7 ya kuiomba, mnaibana na ritani ya karatasi, mnatuma Austin pamoja na pasipoti halisi au kopi iliyothibitishwa na waliotoa pasipoti yenyewe. Muhuri wa wakili wa mtaani haukubaliki. Kama hutaki pasipoti isafiri tafuta wakala aliyeidhinishwa na IRS kukagua. Majibu ni kama wiki 7, msimu wa taksi au ukituma kutoka nje ni 9 mpaka 11. Na kwa ITIN, EITC sahau, ile inataka sosho za wote wawili.

Ya tatu ndio naipenda mimi. Visa ikiwa karibu, faili kivyako sasa hivi, mke akifika na kupata sosho mnarudi na 1040-X kugeuza kuwa pamoja, mna miaka mitatu. Au chukua nyongeza ya muda kwa fomu 4868 mpaka 15 Oktoba, ila nyongeza ni ya kufaili tu, hela unayodaiwa inatakiwa iwe imelipwa 15 Aprili. Hakuna pasipoti inayosafiri wala DHL, na ile karatasi ya kumchagua awe mkazi mnaiambatisha hapo hapo.

Mwenye mtoto anayeishi nae huku wakati mwenza yuko nje anaweza kuangalia Head of Household kihalali kabisa, maana mwenza ambaye si mkazi na hamkumchagua kuwa mkazi hakufungi. Lakini anahitajika huyo mtoto. Mke mwenyewe hahesabiki, na mama yako wa Moshi unayemtumia hela kila mwezi nae hahesabiki, maana mtegemezi anatakiwa awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico.

Hatua ya 7: W-4 na majina, fanyeni wiki ya harusi

Mkishaoana kila mmoja anaenda kazini kubadili W-4, fomu inayomwambia bosi akukate kodi kiasi gani, na hapo ndipo mwaka wa kwanza unaharibika. Wote wawili mnaweka tiki ya Married filing jointly, mnaona mshahara umenona, mnafurahi. Shida ni kwamba kila bosi anadhani kwake ndio mshahara pekee wa nyumba, kwahiyo kila mmoja anawapa punguzo lote la watu wawili. Wale wa 55,000 kila mtu wangejikuta mwezi wa nne wanadaiwa karibu dola 4,000, na pengine na faini ya kukatwa kidogo. Dawa yake ni kisanduku cha hatua ya 2 herufi c, wekeni tiki wote wawili kama mishahara yenu inakaribiana. Ikiwa mmoja anapata kingi na mwingine kidogo kisanduku kitawakata kupita kiasi, tumieni kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya IRS.

Jina: linalotakiwa kwenye ritani ni lile lililopo kwenye kadi ya sosho. Ukibadili kufuata la mume anzia ofisi ya Social Security, fomu SS-5, ndo uende kwengine. Kama sisi Waislamu wengi hatubadili, basi andika lako la siku zote, na usimruhusu mtu wa taksi akubandike jina la mume kwa heshima, ritani itakataliwa.

Hatua ya 8: Kusaini, na njia ya kurudi

Kama kichwa kinauma na siku zimeisha, kumbuka mlango huu unafunguka upande mmoja. Kutoka kivyake kwenda pamoja mnaruhusiwa ndani ya miaka mitatu. Kutoka pamoja kwenda kivyake, ikishapita 15 Aprili hakuna. Kwahiyo mwenye wasiwasi na mwenzie aanze kivyake, wakija kuelewana watajaza 1040-X.

Mlioana huku na grini kadi yenu ni ile ya masharti ya miaka miwili, ritani za pamoja ni moja ya vielelezo vinavyoenda na I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo. Tunzeni kopi zote, na transkripti mnazipata bure kwenye akaunti zenu za IRS.

Mkija VITA leteni vitambulisho, kadi za sosho au ITIN za kila mtu ndani ya nyumba, W-2 na 1099 (karatasi za vipato vingine) zote, 1095-A kama mna bima ya soko la serikali, na ritani ya mwaka jana ya kila mmoja. Na kwa ritani ya pamoja mje wote wawili kusaini. Juzi kaka mmoja alikuja peke yake anasema "mke wangu yuko zamu, ntamsainia mimi," nikamwambia arudi Jumamosi nae.